Kwaya inaanza Do = G, inamaliza karibu na F#: Mungu Ibariki Afrika inatushushia wapi?

#1 Besi wa Rau
Wakuu, salaam. Naomba walimu wa kwaya na wapiga vinanda wa Moshi na Arusha mnisaidie.

Kwaya ni ya watu 32: soprano 12, alto 9, tena 5, besi 6. Inajiandaa kuimba Mungu Ibariki Afrika tarehe 9 Desemba, beti zote mbili, sauti nne, bila kinanda. Kinanda kinatoa Do = G (yaani do ya wimbo ni noti G ya kinanda), kinanyamaza, watu wanaanza. Ubeti wa kwanza ukiisha, programu ya kupima sauti kwenye simu inaonyesha wameshuka senti 15 hadi 20. (Kwa wasiozoea hesabu hiyo: senti 100 ni nusu hatua, yaani kutoka G mpaka F#.) Ubeti wa pili ukiisha wako senti 60 chini. Hawako G, hawajafika F#, wako njiani.

Kisha matarumbeta wanaingia ili ubeti wa kwanza urudiwe kwa pamoja, na mnajua kinachofuata.

Cha ajabu ni kwamba tenzi ndefu kuliko huu hazishuki kiasi hicho. Ubaya uko kwenye wimbo, kwenye ki (noti tunayoifanya do), au kwenye koo?

#2 Njiro Soprano
Ki. Hiyo G imewekwa kwa kuwahurumia soprano, na huruma hiyo ndiyo inayowaua. Wimbo wenyewe Sontonga aliutunga Do = Bb (hatua moja na nusu juu ya G), kwa sauti nne, kwa solfa (noti zinazoandikwa do, re, mi). Ukiushusha mpaka G, soprano wanaimba mistari ya mwanzo kwa sauti ya mazungumzo, ile ya kifuani, nzito. Sauti ya kifuani ikiimbwa kwa upole haina msukumo, inalala. Pandisha hadi A au Bb, utaona watu wanaamka wenyewe.

#3 Tena Tena
Njiro, umesahau kwamba duniani kuna tena. Hapo wako watano dhidi ya soprano 12. Ukiweka Bb, tena hao watano watakaa juu wimbo mzima, watabana koo, na koo likibanwa sauti haishuki tu, inachanika.

Ila kuhusu besi niko na wewe. Do = G maana yake so ya chini inaangukia kwenye D ambayo besi wengi wa miaka 25 hawana, wanaigiza tu kwa kidevu. Inabidi waimbe so ya juu, halafu warukie do ya mwisho kwenye G. Ukishusha mpaka F ndiyo kabisa, do ya mwisho inakuwa pumzi bila sauti. Besi wasiposikika, kwaya nzima haina sakafu.

#4 Mwalimu Solfa
Salaam kwa wote.

Ki ni robo ya jibu. Kwaya inaweza kushuka katika ki yoyote. Kwanza tafuta ni NOTI GANI inashuka. Usipime mwisho wa ubeti tu. Weka simu irekodi, mita tatu mbele ya kwaya, katikati. Sikiliza mstari kwa mstari, kila mwisho wa mstari gonga noti hiyo kwenye kinanda. Utakuta si mteremko wa pole pole, ni ngazi: panakuwa na sehemu mbili au tatu ambapo kwaya inadondoka, kwingineko inatulia.

Sehemu ninazozishuku, kwa kwaya nyingi, ni hizi. Ti inayorudi kwenye do: watu wanaiimba chini, kisha do inayofuata inaifuata ti badala ya kurudi nyumbani. Mi iliyo juu ya do: inaimbwa kivivu. Na noti inayorudiwa mara tatu nne mahali pamoja: kila marudio yanapungua kidogo, kama mtu anayepiga msumari huku akilegeza mkono.

Dawa ya ti ni ya zamani. Imba do-ti-do kwa ishara za mkono za Curwen, kidole cha ti kikielekea juu. Waambie: kushuka hatua ndogo, kupanda hatua kubwa. Dakika tano kila zoezi, kabla ya maneno yoyote.

#5 Chalii wa Sakina
Shikamoo mwalimu. Mimi nadhani ni mwinuko. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, Moshi wako 800 na kitu. Sisi tukishuka tunafika kwao, wao wakishuka wanafika Kahe. Ndiyo maana wana hali mbaya.

#6 Besi wa Rau
Chalii, kaa na chipsi mayai yako pembeni, watu wazima wanaongea 😂

Mwalimu asante, nitarekodi.

#7 Kinanda Majengo
Kuna sababu ya kihesabu ambayo walimu wengi hawaitaji. Kinanda kimegawanya hatua zote sawasawa, kwa hiyo mi ya kinanda iko senti 400 juu ya do. Sikio la binadamu, watu wakiimba kodi (noti kadhaa kwa pamoja) bila kinanda, linaitaka mi iliyo senti 386. Ni chini kwa senti 14. Kwaya nzuri inaitafuta mi hiyo yenyewe kwa sababu ndiyo inayofanya kodi itulie na kung'aa.

Ubaya unakuja kodi zikifuatana. Mkienda do, la, re, so, kisha mkarudi do, na kila kodi mkaisafisha kwa sikio, mnarudi nyumbani mkiwa mmepungua senti 21 au 22. Hakuna aliyekosea, ndivyo hesabu ilivyo. Sasa senti 20 kwa ubeti ndiyo hiyohiyo aliyoiandika mwanzisha uzi.

#8 Mwalimu Solfa
Kinanda, hesabu yako ni sahihi lakini umeipeleka kwenye nyumba isiyo yake. Tenzi za namna hii zimejengwa juu ya kodi tatu, do, fa na so. Kwa mzunguko huo mtu anarudi mahali alipotoka bila kupoteza kitu. Mzunguko wa la na re ndio unaokula zile senti, nao si uti wa mgongo wa wimbo huu. Labda kama mpangilio wao una kodi za kuongeza.

Besi wa Rau, mnatumia nota zipi?

#9 Chalii wa Sakina
Kodi tatu? Nyie hamlipi hata moja.

#10 Besi wa Rau
Mwalimu, ni karatasi ya solfa iliyonakiliwa kwa mkono mara nyingi. Alto na tena wana noti za kupita (za kuvukia tu kutoka noti moja hadi nyingine) ambazo sizioni kwenye nakala nyingine.

#11 Mwalimu Solfa
Basi hapo Kinanda anaweza kuwa na nusu ya haki. Noti za kupita za alto zikiimbwa chini zinaivuta kodi nzima. Linganisha nakala kabla ya kulaumu koo. Nakala ya mkono ikipita kwa waandishi watatu, nukta na koma za solfa huhama, f inasomwa r, na alama ya oktava ya chini inapotea.

#12 Kamusi Mezani
Mmeacha maneno, na maneno ndiyo yanayovunja wimbo huu kuliko noti. Hesabuni silabi.

"Mungu ibariki Afrika" ni silabi 9. "Mungu ibariki Tanzania" ni 10, maana Ta-nza-ni-a ni nne na A-fri-ka ni tatu. Kwenye kiitikio, "Ibariki Afrika" ni 7, "Ibariki Tanzania" ni 8. Mstari wa mwisho ni 11 kwa ubeti wa kwanza, 12 kwa wa pili. Maana yake kila panapotajwa Tanzania kuna silabi ya ziada ambayo lazima ipewe mahali. Kwaya isiyokubaliana ni noti ipi igawanywe, nusu wanaiwahi, nusu wanaichelewesha, na kila mmoja anapunguza sauti kumsikiliza mwenzake. Sauti ikipunguzwa kwa woga inashuka.

Na kuna mtego mmoja mzuri. "Hizi ni ngao zetu, Afrika na watu wake" ni silabi 15. "Mungu ibariki Tanzania na watu wake" nayo ni 15. Zinalingana kabisa, lakini kituo si kimoja. Ubeti wa kwanza unapumua baada ya silabi ya 7, baada ya "zetu". Ubeti wa pili maana inakatika baada ya ya 6, baada ya "ibariki". Mwenye mazoea ya 7 atapumua baada ya "Ta", aseme "Mungu ibariki Ta... nzania". Nendeni mkasikilize. Yupo kila kwaya.

#13 Mama Kihamba
Kamusi umesema kweli, na mimi naongezea irabu. "Hekima, umoja na amani" kwa ukamilifu ni silabi 10: he-ki-ma-u-mo-ja-na-a-ma-ni. Watu wanaimba "namani", a moja imemezwa. "Viongozi" ni nne, wanaimba "vyongozi", tatu. "Dumisha uhuru" inakuwa "dumishuhuru". Noti ya irabu iliyomezwa haipotei, inabaki bila mwenyewe, kwa hiyo mtu anaivuta ile ya kabla yake, na kitu kinachovutwa bila pumzi kinashuka.

Zoezi lake ni rahisi: waseme maneno kwa mdundo bila kuimba, mara tatu. Mara ya nne waimbe kwa "nu" tupu. Mara ya tano warudishe maneno. Hapo utasikia irabu zote zimerudi.

#14 Tena Tena
Shikamoo Mama. Kwa "nu" kwaya haishuki, kwa maneno inashuka? Hilo ni jaribio zuri. Kama kwa "nu" wanabaki G, kosa ni la matamshi. Kama kwa "nu" pia wanashuka, kosa ni la pumzi au la sikio. Besi wa Rau, fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

#15 Tarumbeta la Marangu
Naomba niwatetee matarumbeta maana mmeanza kuwaweka kwenye kesi.

Tarumbeta za kawaida ni za Bb. Mpigaji akiona C kwenye karatasi, kinachosikika ni Bb. Kwa hiyo kwaya ikiwa Bb, yeye anapiga ki ya C, hana alama hata moja, si diezi (ya kupandisha noti nusu hatua) wala bemoli (ya kuishusha). Kwaya ikiwa Ab, anapiga Bb, bemoli mbili. Kwaya ikiwa G, anapiga A, diezi tatu, anavumilia. Kwaya ikiwa A, anapiga B, diezi TANO. Njiro anaposema "pandisha hadi A", ajue anawafukuza matarumbeta. Na wale waliofundishwa kwa mtindo wa Kijerumani, wanaosoma sauti halisi bila kuhamisha, karatasi yao ina diezi tatu tu, lakini vidole ni vilevile na chombo ni kilekile.

Kwa hiyo kati ya G na Bb, ambayo kila mtu anaweza kuishi nayo ni Ab.

#16 Njiro Soprano
Sawa, Ab. Nimekubali nusu hatua. Msiniombe tena.

#17 Ndugu Metronomu
Mbona hamtaji mwendo? Wimbo huu unaimbwa polepole kupita kiasi. Watu wanadhani heshima ni uzito. Mkiuimba kwa mapigo 54 kwa dakika, pumzi moja haitoshi mstari mmoja, watu wanaishiwa silabi mbili kabla ya kituo, na silabi mbili hizo ndizo zinazodondoka. Uwekeni 69 hadi 72. Bado ni wa heshima, na mstari unaisha pumzi ikiwa bado ipo.

#18 Kinanda Majengo
Napinga kidogo. Ukumbini 72 inafaa. Uwanjani haifai, kwa sababu ya mwangwi na umbali. Sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Uwanja kama Sheikh Amri Abeid, mtu aliyekaa mita 100 kutoka kwa kwaya anawasikia karibu theluthi ya sekunde baadaye. Kwa mapigo 72, pigo moja ni sekunde 0.83. Yaani umati unaimba nyuma yenu kwa zaidi ya theluthi ya pigo, na ninyi mkiusikiliza umati mnapunguza mwendo, nao unapunguza tena. Mwisho wa ubeti wa pili mko 50.

Uwanjani kanuni ni moja: macho kwa kiongozi, masikio yafungwe. Kipaza sauti cha kurudishia kiwekwe miguuni pa kwaya, kisitegemewe kile kikubwa cha upande wa pili.

#19 Tarumbeta la Marangu
Na joto msilisahau. Shaba ikipoa sauti inashuka, ikipata joto inapanda. Nyuzi kumi za joto zinaweza kuleta karibu senti 30 kwa hesabu ya hewa peke yake, ingawa pumzi ya mpigaji inapasha chombo na kupunguza tofauti hiyo. Arusha asubuhi ya Julai na Moshi saa nane mchana wa Desemba si chombo kimoja. Ndiyo maana matarumbeta hupimwa baada ya kupuliza dakika kumi, si mara tu wanapotoka kwenye mifuko. Kama wamesimama juani wakiwangoja ninyi beti mbili, wamepanda. Ninyi mmeshuka 60, wao wamepanda 15. Mnakutana wapi?

#20 Chalii wa Sakina
Mnakutana KIA, katikati.

#21 Mama Kihamba
Huyu mtoto mumwache, leo amesema kitu 😄

#22 Mangi Mdadisi
Nimechelewa. Swali la pembeni: ni "hizi ni ngao zetu" au "hizo ni ngao zetu"? Na huu wimbo si ulitungwa na Watanganyika 1961? Huyo Sontonga wa Bb katokea wapi?

#23 Kamusi Mezani
Mangi, ni "hizi". Ngao ziko karibu, zimetajwa sasa hivi: hekima, umoja na amani. Ukisema "hizo" umezisukuma mbali.

Na kwa kuwa umefungua mlango: "wake kwa waume" ni wanawake kwa wanaume, si wake wa watu na waume zao. Na "ibariki" haigeuki kuwa "ibarike" kwa sababu bariki ni neno lenye asili ya Kiarabu, halina -a ya kugeuza mwishoni. Kuna waimbaji wanaolisahihisha kwa nguvu jukwaani, Mungu awasaidie.

#24 Mwalimu Solfa
1961 ndiyo mwaka Tanganyika ilipouchukua kuwa wimbo wa taifa, haukutungwa hapo. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Aliutunga 1897, ubeti wa kwanza na kiitikio, kwa Kixhosa. Samuel Mqhayi aliongeza beti saba baadaye. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Sol Plaatje aliurekodi London tarehe 16 Oktoba 1923. Sontonga mwenyewe alifariki 1905, hakuyaona hayo yote.

Zambia walichukua sauti hiyohiyo 1964 wakaweka maneno mengine. Zimbabwe waliutumia hadi 1994. Afrika Kusini, tangu 1997, wameuunganisha na Die Stem, wimbo wao wa taifa wa zamani: unaanza Do = G, unaishia Do = D.

#25 Kinanda Majengo
Kuna wanaosema sauti yake imetoka kwenye utenzi wa Wales, Aberystwyth wa Joseph Parry wa 1879.

#26 Mwalimu Solfa
Nayajua madai hayo. Fungua nota zote mbili uziweke mezani. Aberystwyth uko katika ki ya huzuni, unatulia kwenye la. Huu unatulia kwenye do. Mpangilio wa sauti nne na mtindo wa kitenzi vimetoka kwenye shule za misheni, hilo wazi, kwa sababu solfa na tenzi ndivyo vilivyofundishwa huko. Kufanana kwa nguo hakumfanyi mtu kuwa ndugu yako.

#27 Kinanda Majengo
Mtu anaweza kuhamisha wimbo kutoka la kwenda do, mwalimu. Vinanda tunafanya kila Jumapili. Lakini sipiganii.

#28 Mangi Mdadisi
Asanteni. Kumbe Wakenya ndio wenye wa nyumbani, wao walichukua bembelezo la Wapokomo.

#29 Tena Tena
Turudi kwenye senti 60 jamani, uzi umekwenda Bloemfontein, Wales na Mto Tana, na tarehe 9 haisubiri.

Hakuna aliyetaja kusimama. Wimbo wa taifa watu wanasimama wima, mikono ubavuni, magoti yamekazwa, kifua mbele. Magoti yakikazwa tumbo linakaza, pumzi inapanda mabegani. Mazoezini wanaimba wamekaa au wamejiachia, siku ya siku wanasimama kama gwaride. Mwili mwingine kabisa. Fanyeni mazoezi ya mwisho matatu mkiwa katika msimamo uleule, ila magoti yalegee kidogo. Anayetazama kwa mbele haoni tofauti.

#30 Njiro Soprano
Na wale wa Arusha wanaoimba kwenye shughuli za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana lingine: nyimbo mbili mfululizo, wa taifa na ule wa Jumuiya uliopitishwa 2010. Wa kwanza ukiisha, do yake inabaki kichwani. Kiongozi akitoa do mpya haraka, nusu ya kwaya wanaanza kwa do ya zamani. Dawa: kimya cha sekunde mbili kamili, do mpya, kisha so, kisha do tena, ndipo mkono uinuke. Nadhani hata wa Rau wanaanza wakiwa na kitu kingine kichwani. Je, kabla ya wimbo huu mnaimba nini?

#31 Besi wa Rau
Wakuu, nimerudi na majibu.

Njiro, kabla yake kuna pambio kwa Do = F. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Nimerekodi kama mwalimu alivyosema. Ni ngazi kweli. Wanadondoka mahali pawili: mstari wa "ngao zetu", na kiitikio cha ubeti wa pili, penye Tanzania. Kwa "nu" tupu wameshuka senti 10 tu kwa beti zote mbili. Kwa maneno, 55.

Tumebadilisha hivi: Do = Ab, mapigo 69, kituo cha pumzi kimeandikwa kwa kalamu nyekundu baada ya "ibariki", na "na amani" inatamkwa kamili. Noti ya kupita ya alto iliyokuwa na mashaka imefutwa. Matokeo ya jana: senti 20 kwa beti zote mbili.

#32 Kamusi Mezani
Kwa "nu" 10, kwa maneno 55. Nadhani mnajua nani alisema nini.

#33 Njiro Soprano
Ab. Nadhani mnajua nani alisema nini.

#34 Kinanda Majengo
Noti ya alto imefutwa. Kodi zimebaki tatu. Sisemi kitu.

#35 Mwalimu Solfa
Besi, umebadilisha vitu vitano kwa siku moja. Sasa kila mmoja hapa atadai ni dawa yake, na hakuna wa kumkatalia. Rudisha kimoja kimoja. Anza kwa kurudisha G, vingine viache. Wakishuka tena, ni ki. Wasiposhuka, Njiro atuombe radhi.

Na hizo 20 zilizobaki: alto wawili na besi wawili washike do na so kwa "mm" mfululizo, wengine waimbe wimbo juu yake. Yeyote akilegea atasikia mgongano papo hapo. Fanyeni ubeti mmoja mmoja, si wote, maana wanaoshika wanachoka nao wanaanza kushuka, halafu kwaya nzima inawafuata kwa utii.

#36 Tarumbeta la Marangu
Na matarumbeta waambiwe mapema kwamba ni Ab. Kuna kwaya hubadilisha ki asubuhi ya shughuli halafu mpigaji anahamisha kichwani akiwa amesimama. Mpigaji kinanda naye, kama atatoa do kwa kitufe cha kuhamisha, akirudishe sifuri kabla. Kosa hilo ni la kila mwaka: kinanda kilibaki +2 tangu ibada ya asubuhi, anabonyeza Ab, inatoka Bb, soprano wanafurahi mstari mmoja tu.

#37 Besi wa Rau
Mwalimu, tumerudisha G leo jioni, vingine vyote vimebaki. Wamesimama wima, magoti yamelegea, matarumbeta wamekaa pembeni wanasikiliza.

Wamepanda. Senti 25 juu, beti zote mbili. Nimepima mara tatu.

#38 Tena Tena
Wamepanda??

#39 Ndugu Metronomu
Mapigo mangapi?

#40 Besi wa Rau
Walianza 69. Walimaliza 80.

#41 Mwalimu Solfa
Matarumbeta walikuwa wamekaa upande gani, wa tena au wa soprano?

#42 Chalii wa Sakina
Nilisema ni mwinuko.